Mke Asiye na Jina: Historia ya Hukumu za Wasomaji juu ya Riwaya ya Rebecca

Miongoni mwa riwaya za mapenzi na taharuki zilizoandikwa katika karne ya 20, ni chache zilizopata wasomaji wengi, na papo hapo zikagawanya maoni ya wasomaji hao, kama Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyochapishwa mjini London mwezi wa Agosti 1938. Tangu mwaka huo haijapata kuacha kuchapishwa. Na tangu mwaka huo huo haijapata hukumu moja. Wako walioiona kuwa hadithi tamu ya mapenzi. Wako walioiona kuwa kitabu cha kupitishia wakati na kusahauliwa. Wako walioiona kuwa kisa cha muuaji aliyenusurika kwa nguvu ya mali na ukoo. Na wako walioiona kuwa uchunguzi wa kina wa wivu. Wote hao walisoma maneno yale yale.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya hukumu hizo na kutafuta asili yake. Ni rahisi kusema kwamba kila msomaji ana ladha yake, na kulifunga shauri hapo. Lakini ladha pekee haielezi kwa nini watu hutofautiana juu ya jambo moja mahsusi katika kitabu hiki na si juu ya jingine. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba hitilafu za wasomaji wa Rebecca zimetokana na mambo mawili: kwanza, usimulizi wa riwaya yenyewe, ambao unampa msomaji shahidi mmoja tu na kumwachia kazi ya kumwamini au kumshuku, na pili, jina la aina ya kitabu lililobandikwa juu ya jalada kabla kitabu hakijafunguliwa. Suala hili la pili linawahusu wahakiki wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwa kuwa nao wamezoea kuipanga riwaya katika makundi ya dhati na pendwa, na aghalabu makundi hayo huamua mapema nini kitaonekana na nini hakitaonekana.

Chimbuko la riwaya

Daphne du Maurier alizaliwa mjini London mwaka wa 1907 katika ukoo uliozoea jukwaa na kalamu. Baba yake, Gerald, alikuwa mwigizaji mashuhuri. Babu yake, George, alikuwa mchoraji na mwandishi wa Trilby (1894), riwaya iliyovuma sana katika siku zake. Mwaka wa 1932 Daphne aliolewa na Frederick Browning, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka wa 1937, Browning alipokuwa na kikosi chake mjini Alexandria, Misri, mkewe alianza kuandika Rebecca. Joto lilimwudhi, maisha ya wake wa maofisa yalimchosha, na kurasa za mwanzo alizoziandika alizichana. Kazi aliimaliza baada ya kurejea kwao, na mswada ukamfikia mchapishaji wake, Victor Gollancz, mwezi wa Aprili 1938.

Mazingira hayo yana uzito wake. Jumba la Manderley, ambalo riwaya nzima inalililia, liliumbwa kwanza na mwanamke aliyekuwa barani Afrika akiitamani pwani ya Cornwall. Msimulizi wa riwaya naye anasimulia akiwa mbali na kwao, katika hoteli ya ng'ambo, akijiliwaza kwa chai ya alasiri na habari za kriketi kutoka Uingereza. Shauku ya nyumbani ndiyo inayoyapamba maua, njia na vyumba vya Manderley. Nayo ndiyo inayomfanya msomaji alipende jumba hilo kabla hajauliza linalindwa kwa gharama ya nani.

Mbegu ya pili ilikuwa wivu. Mumewe Daphne alipata kuwa na mchumba mwingine kabla yake, na fikira za mwanamke huyo zilimsumbua mwandishi. Kutokana na mbegu hiyo ndogo aliotesha kisa cha mke wa pili anayeandamwa na sifa za mke wa kwanza aliyekwisha kufa. Daftari alilotumia kupanga kisa hicho lilichapishwa baadaye katika The Rebecca Notebook, kitabu kilichotoka Uingereza mwaka wa 1981. Humo yaonekana kwamba mume aliitwa Henry hapo mwanzo, na kwamba mwisho wake ulihusu ajali ya gari. Mwandishi anaeleza humo pia kwamba hakumpa msimulizi jina kwa sababu halikumjia, kisha ukosefu huo ukamvutia kama jaribio la ufundi.

Ni muhimu kutofautisha kitabu alichokusudia mwandishi na kile kilichonadiwa. Du Maurier alihofu kwamba riwaya yake ilikuwa nzito kwa huzuni na kwamba mwisho wake ulikuwa wa ghafla na mkali. Tena alishikilia kwamba alikuwa ameandika juu ya wivu. Ofisi ya Gollancz, kwa upande wake, iliona mara moja kwamba mswada huo ulikuwa na kila kitu ambacho umma ungetamani, na kitabu kikatangazwa kama hadithi ya mapenzi. Nakala 20,000 zilichapishwa kwa mkupuo wa kwanza, na katika muda wa mwezi mmoja zaidi ya maradufu ya idadi hiyo zikawa zimeuzwa. Wasomaji wengi wa kwanza, basi, walikipokea kitabu wakiwa wamekwisha kuambiwa ni kitabu cha namna gani.

Kisa na shahidi wake mmoja

Asili ya mgogoro wa maoni yapaswa kutafutwa ndani ya kisa. Msichana maskini, yatima, anayefanya kazi ya kumsindikiza mama mmoja tajiri wa Kimarekani, anakutana mjini Monte Carlo na Maxim de Winter, mgane mwenye umri wa miaka arobaini na ushei. Wanaoana upesi, naye anachukuliwa Manderley. Huko anakuta kwamba kila kitu, kuanzia kalamu za mezani hadi mpangilio wa vyakula, bado kinafuata amri ya Rebecca, mke wa kwanza, anayesadikiwa kuwa alizama baharini na mashua yake. Bi. Danvers, msimamizi wa nyumba, anamtunzia marehemu chumba chake na nguo zake, na anamdhalilisha bibi mpya kwa adabu kali isiyoweza kushtakiwa.

Hadi hapo msomaji anafuata kisa cha ukewenza na marehemu, na yamkini hakuna msomaji wa Afrika Mashariki atakayehitaji kufafanuliwa uchungu wake. Lakini meli inakwama ufuoni, mzamiaji anatumwa chini, na mashua ya Rebecca inapatikana pamoja na maiti yake. Ndipo Maxim anapomkiria mkewe kwamba alimwua Rebecca kwa risasi, akamtia katika mashua, akaizamisha. Anadai kwamba Rebecca alikuwa mwovu na mzinzi, na kwamba usiku ule alimchokoza kwa kudokeza kuwa angemzalia mtoto wa mtu mwingine na kumfanya mrithi wa Manderley.

Hapa ndipo njia za wasomaji zinapoachana. Msimulizi anapoyasikia maungamo ya mauaji hashituki kwa ajili ya maiti. Moyo wake unafurahi, kwa kuwa amejua kwamba mumewe hakumpenda Rebecca kamwe. Tangu wakati huo taharuki ya riwaya inageuka: msomaji aliyekuwa akiuliza nini kilimpata Rebecca sasa anaulizwa kama muuaji atakamatwa, na mtindo wote wa masimulizi unamsukuma atamani asikamatwe. Uchunguzi wa mahakama unaamua kwamba Rebecca alijiua. Daktari mmoja wa London anafichua kwamba alikuwa na ugonjwa usiotibika na asingeweza kuzaa. Hivyo maelezo ya kujiua yanapata sababu. Manderley inateketea kwa moto, lakini mume na mke wananusurika.

Msomaji anayemwamini msimulizi ataona kwamba mapenzi yamepita katika tanuri na kutoka salama. Msomaji anayemshuku atauliza maswali. Habari za uovu wa Rebecca zinatoka zaidi kwa nani, kama si kwa mtu aliyemwua? Hakimu, Kanali Julyan, anayeelekea kuujua ukweli, si ndiye yule yule aliyewahi kuketi mezani pa mshitakiwa na kula chakula chake? Na Ben, yule maskini mwenye akili pungufu aliyekuwa akizungukazunguka ufuoni, kwa nini anakana kuona lolote, kama si kwa hofu ya kufungiwa katika hospitali ya wendawazimu? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika riwaya hii kitanda kinasimuliwa na mwanamke aliyekikuta kimekwisha tandikwa, na kunguni wake anaambiwa na mwenye kitanda.

Maswali hayo yote yamo ndani ya kurasa. Si uzushi wa wahakiki wa baadaye. Lakini hayaulizwi kwa sauti, na msimulizi anayapita haraka. Kwa hiyo, kila hukumu juu ya Rebecca ni hukumu, kwa siri au kwa dhahiri, juu ya msimulizi wake.

Wahakiki wa mwaka wa 1938

Wahakiki wa kwanza hawakufika mbali hivyo. Mhakiki wa gazeti la The Times la London aliona kwamba malighafi ya riwaya ilikuwa ya chini kabisa, isiyopita kiwango cha vijihadithi vya mapenzi. V. S. Pritchett, ambaye baadaye alikuja kuheshimiwa kama mmoja wa mabingwa wa hadithi fupi nchini Uingereza, alibashiri katika gazeti la Christian Science Monitor kwamba kitabu hicho kingekuwapo leo na kesho kisionekane. Utabiri huo ulikosea. Lakini lililo muhimu zaidi hapa ni msingi wake. Riwaya ilikuwa imekwisha kuwekwa katika kundi la vitabu vya kupita, na mtu hapitii upya ushahidi wa kesi ambayo anaamini ni mchezo.

Msingi huo ulikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1930 Waingereza wengi hawakununua riwaya. Waliziazima kwa ada. Kampuni ya Boots, iliyojulikana kwa maduka ya dawa, iliendesha maktaba ya namna hiyo hadi mwaka wa 1966, na mitaani kulikuwa na maktaba ndogo zilizotoza peni mbili kwa kitabu. Wateja wengi walikuwa wanawake. Mwaka wa 1932 Q. D. Leavis alichapisha Fiction and the Reading Public, kitabu kilichozilaumu sana taasisi hizo kwa kuwazoesha watu usomaji wa kulevya, usiodai fikira. Hoja yake ilikuwa na ukweli fulani juu ya biashara ya vitabu, lakini iliwapa wahakiki desturi mbaya: kukipima kitabu kwa kuwatazama wanaokiazima. Rebecca ilipotokea miaka sita baadaye, ikiwa na jumba kubwa, mume mwenye siri na mke mwenye hofu, kipimo kilikuwa tayari.

Wengine walikumbuka nasaba yake ndefu zaidi. Riwaya za kutisha za majumba ya kale, ziitwazo za kigothi, zilikuwa zimeenea tangu karne ya 18. The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe ilitoka mwaka wa 1794. Ulinganisho wa karibu zaidi ulikuwa na Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847): msichana asiye na kitu, bwana mwenye siri, mke wa kwanza asiyekubali kutoweka, na jumba linaloungua. Kwa baadhi ya wasomaji ufanano huo ulikuwa hasara, kwani ulionyesha kwamba kitabu hakikuwa na jipya. Lakini ulinganisho ukifanywa kwa makini unaonyesha tofauti kubwa. Jane anaondoka pindi anapoijua siri ya bwana wake, kwa kuwa dhamiri yake haimruhusu kubaki. Mke asiye na jina wa Manderley anaijua siri iliyo nzito zaidi, na anabaki. Waliosema Rebecca imerudia kisa cha zamani hawakuona kwamba imekipindua.

Nchini Marekani mapokezi yalikuwa ya furaha. Mwezi wa Desemba 1938 Orson Welles aliiigiza katika redio, na wauzaji wa vitabu wa nchi hiyo wakaichagua kuwa riwaya waliyoipenda zaidi ya mwaka huo. Hivyo, kabla mwaka haujaisha, pengo kati ya hukumu za wahakiki na hukumu za sokoni lilikuwa limekwisha kuwa pana.

Hukumu ya sinema

Ushahidi mzuri wa kile kilichokuwa hatari katika riwaya haukutoka kwa wahakiki bali katika sinema. David O. Selznick alinunua haki za kuitengenezea filamu na kumkabidhi Alfred Hitchcock kazi ya kuiongoza. Mwaka wa 1939 Hitchcock alileta mpango ulioibadilisha hadithi na kuitia vichekesho. Selznick aliukataa kwa ukali. Aliamini kwamba wasomaji, hasa wanawake, walikipenda kitabu kwa ajili ya mambo madogo madogo ya hofu na aibu ya yule msichana, na kwamba kuyaondoa ni kuwasaliti. Hapo twaweza kusemwa uthibitisho wa nadra: mfanyabiashara wa Hollywood alikuwa amewasikiliza wasomaji wa kawaida kwa makini kuliko wahakiki wa London.

Lakini jambo moja hakuweza kulihifadhi. Kanuni za maadili zilizotawala filamu za Marekani katika miaka hiyo hazikuruhusu muuaji aachwe bila adhabu. Kwa hiyo katika filamu iliyotoka mwaka wa 1940, Laurence Olivier akiwa Maxim na Joan Fontaine akiwa mkewe, Rebecca hapigwi risasi. Anajikwaa, anaanguka, anajigonga kichwa na kufa. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka huo, na watu wengi duniani walikijua kisa kwa sura hiyo iliyosafishwa.

Badiliko hilo ni uhakiki kamili. Wale waliosema kitabu ni kijihadithi cha mapenzi kisicho na madhara walipaswa kueleza kwa nini wakaguzi wa filamu walikuta ndani yake jambo lisiloweza kuonyeshwa. Wakaguzi walikisoma kisa kwa kufuata vitendo vyake: mtu ameua, ameficha, na amekwenda zake. Wahakiki walikisoma kwa kufuata jalada lake. Hitchcock mwenyewe, katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyochapishwa mwaka wa 1966, aliendelea kukiita kisa hicho hadithi ya kizamani, ya tapo la uandishi wa kike wa wakati ule, na akakana kwamba filamu ilikuwa yake hasa. Hata aliyefanikiwa kwa hadithi hiyo aliona haya kidogo kuhusishwa nayo.

Hadithi ni ya nani?

Kundi jingine la wasomaji lilikuwa na lalamiko la namna nyingine. Nchini Brazil, Carolina Nabuco alikuwa amechapisha A Sucessora mwaka wa 1934, riwaya ya mke kijana anayeingia katika nyumba inayotawaliwa na kumbukumbu ya mke wa kwanza. Nabuco alikuwa ameitafsiri kwa Kiingereza akitafuta mchapishaji ng'ambo. Rebecca ilipofika Brazil, wasomaji na wahakiki wa huko waliona ufanano ambao kwao ulikuwa mkubwa mno kuwa wa bahati. Du Maurier na mchapishaji wake walikanusha. Huko Marekani, Edwina MacDonald, mwandishi wa Blind Windows, alifungua kesi ya madai kama hayo. Du Maurier alilazimika kwenda New York mwaka wa 1947 kutoa ushahidi, na mwaka uliofuata madai hayo yalitupiliwa mbali.

Makala haya hayakusudii kuamua upya mashauri hayo. Yatosha kutambua yanavyoonyesha kwamba maoni ya msomaji hutegemea pia rafu ya vitabu aliyonayo. Msomaji wa London alilinganisha na Jane Eyre na kusema ni urithi. Msomaji wa Rio de Janeiro alilinganisha na A Sucessora na kusema ni wizi. Tofauti ya maneno hayo mawili haikutokana na ufanano peke yake. Urithi ni neno la mwenye nyumba. Wizi ni neno la yule ambaye kitabu chake kilibisha hodi katika lugha kubwa na hakikufunguliwa. Yeyote anayeshughulika na fasihi zilizoandikwa katika lugha zisizo na soko la dunia atalielewa lalamiko hilo, hata kama hatakubaliana nalo.

Wasomi wa kike na hukumu mpya

Baada ya mwaka wa 1960 wachapishaji wa vitabu vya bei nafuu nchini Marekani walifufua riwaya za kigothi kwa wingi. Victoria Holt, kwa Mistress of Mellyn (1960), iliyowekwa Cornwall pia, alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango. Majalada yakawa ya mtindo mmoja: mwanamke anayekimbia usiku, na nyuma yake jumba lenye dirisha moja lililowashwa taa. Rebecca ikahesabiwa kuwa mama wa kundi zima, na mama akahukumiwa kwa tabia za wanawe. Mwaka wa 1973 Joanna Russ aliandika insha kali yenye kejeli juu ya vitabu hivyo, akionyesha jinsi vinavyoyageuza maisha finyu ya mke wa nyumbani kuwa kazi ya upelelezi, ambapo kuchungulia uso wa mume huwa suala la kufa na kupona.

Insha hiyo ilicheka, lakini iliuliza swali la haki: hofu hiyo inayosomwa na mamilioni inatoka wapi? Tania Modleski, katika Loving with a Vengeance (1982), alishikilia kwamba hadithi hizi huzungumzia wasiwasi halisi wa wanawake ndani ya ndoa. Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), alichukua hatua ambayo wengi walikuwa wameisahau: alikwenda kuwauliza wasomaji wenyewe wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja wa Marekani, akakuta kwamba walijua vizuri sababu zao za kusoma, na kwamba hawakuwa wepesi wa kudanganyika kama walivyodhaniwa.

Juu ya Rebecca hasa, Alison Light aliandika mwaka wa 1984 makala yaliyobadili mjadala. Alionyesha kwamba msimulizi anamwogopa Rebecca na papo hapo anatamani kuwa yeye. Kwamba Rebecca ni mfano wa uhuru wa mwanamke unaopaswa kuuawa ili ndoa ya heshima ya tabaka la kati ipate kusimama. Na kwamba ushindi wa msimulizi unamwacha na maisha baridi ya hotelini. Kwa usomaji huo, ukimya wa jina lake unapata maana: amepata cheo cha Bi. de Winter na hakubakiwa na kitu kingine. Waandishi nao walijibu kwa riwaya. Susan Hill alitoa Mrs de Winter mwaka wa 1993, na Sally Beauman, aliyetoa Rebecca's Tale mwaka wa 2001, alimpa marehemu nafasi ya kusema.

Hata hivyo, hukumu hii mpya nayo ina hatari zake. Ikiwa wahakiki wa 1938 waliona mapenzi wasione mauaji, baadhi ya wahakiki wa baadaye wameona mauaji wasione mapenzi. Wamemgeuza Rebecca kuwa shujaa, ilhali riwaya haimpi usafi huo. Ben alimwogopa, na Bi. Danvers, aliyempenda kuliko wote, anakiri kwamba aliwacheka wanaume wote. Nguvu ya kitabu imo katika kumzuia msomaji asipate mahali salama pa kusimama.

Wasomaji wa kawaida

Wakati wasomi wakijadiliana, umma uliendelea kusoma. Mwaka wa 2000 mkutano wa wapenzi wa riwaya za uhalifu uitwao Bouchercon uliitunuku kuwa riwaya bora ya karne. Mwaka wa 2003, BBC ilipowauliza Waingereza kitabu wanachokipenda kuliko vyote, Rebecca ilikuwa ya 14. Hata filamu ilitengenezwa upya mwaka wa 2020.

Lakini wapenzi hao hawakuwa bila manung'uniko, na manung'uniko yao yanafanana kizazi hata kizazi. Yanasema kwamba mwanzo ni wa polepole; kwamba msimulizi ni mnyonge kupita kiasi, anaomba radhi kwa watumishi wake mwenyewe; kwamba Maxim anamtendea mkewe kama mtoto; kwamba mwisho umekatwa ghafla. Yafaa kuyatazama manung'uniko hayo kwa heshima. Upolepole wa mwanzo ndio unaomzoesha msomaji hofu. Unyonge wa msimulizi ndio unaoeleza kwa nini anaipokea siri ya mauaji kama zawadi. Ubwana wa Maxim ndio dalili ya kile alichoweza kufanya. Msomaji anayelalamika ameigusa kasoro ya ndoa ile, ingawa anaitaja kama kasoro ya kitabu. Mara nyingi lalamiko la msomaji wa kawaida ni uhakiki ambao haujapata istilahi.

Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka wa 1960, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka wa 1965. Zote mbili zilisomwa kwa hamu, na zote mbili zimewekwa katika fungu la riwaya za upelelezi, ambako ni rahisi kusifiwa kwa taharuki na kusamehewa maudhui. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilipata mkasa wa upande wa pili: ilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo iliyoyasema wazi juu ya wasichana na wanaume, kisha baadaye ikafundishwa na kuhakikiwa kwa mambo hayo hayo. Jijini Nairobi, vitabu vya David Maillu vya miaka ya 1970, ingawa viliandikwa kwa Kiingereza, vilinunuliwa kwa wingi na kulaumiwa na wasomi kwa wingi. Katika kila mfano swali ni lile lile: je, kilichohukumiwa kilikuwa kitabu, au fungu lake na watu waliokisoma?

Kugawa fasihi katika mafungu si kosa. Mwalimu hawezi kufundisha bila mafungu, wala mkutubi hawezi kupanga rafu. Kosa ni kulifanya fungu kuwa hukumu. Katika Rebecca fungu la mapenzi lilificha maiti kwa muda mrefu kuliko bahari ilivyoificha, na waliotangulia kuiona hawakuwa wahakiki bali wakaguzi wa filamu, ambao hawakuwa na haja ya kuipenda riwaya wala kuidharau.

Lipo na jambo la utafiti. Maoni ya wasomaji wa London na New York yanaweza kufuatiliwa leo kwa sababu yalihifadhiwa katika magazeti, madaftari ya wachapishaji na kumbukumbu za mahakama. Wasomaji wa kwanza wa Bwana Msa, waliozisoma hadithi zake Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, wanazidi kupungua kila mwaka, na maoni yao mengi hayakuandikwa popote. Kuwafuata na kuwauliza walichokipenda, walichokikataa na walichokishuku ni kazi ya uhakiki sawa na kuchambua fani. Ikichelewa, historia ya riwaya ya Kiswahili itakuwa kama Manderley ilivyosimuliwa: nyumba iliyojaa watu, na shahidi mmoja tu wa kuisemea.